Ua la Mlimani Usilolijua: Namna ya Kulipeleka kwa Wajuzi Likarudi na Jina

Umepanda tangu alfajiri, pumzi inakata, unainama kufunga kamba ya kiatu. Pembeni ya jiwe, ua. Hujawahi kuliona. Unatoa simu, unapiga picha moja ukiwa umesimama, unaendelea na njia. Jioni unawatumia wenzako: "Hili ni ua gani?" Majibu yanamiminika. Zuri sana. Mungu fundi. Mmoja anasema yungiyungi, mwingine anaapa ni okidi, wa tatu anauliza ulikuwa mlima gani. Kesho yake picha imesahaulika na ua halina jina.

Langu lilikuwa jekundu, umbo la tarumbeta, limeinamisha kichwa katikati ya mawe. Nilishajipa jibu mwenyewe: yungiyungi. Nikampelekea mama mmoja aliyeishi na mimea miaka mingi kuliko umri wangu. Hakusifu picha. Aliandika maneno matatu tu: "Mwanangu, stameni ngapi?"

Nikaikuza picha mpaka ikawa vibonge vya rangi. Stameni, vile vijiti vyenye chavua kichwani ndani ya ua, hazikuonekana. Picha ilikuwa nzuri kweli, ila haikuwa na chochote cha kumsaidia mtu. Mwongozo huu umetokana na aibu hiyo. Wajuzi wapo, na wengi ni wakarimu kupita kiasi, lakini hawawezi kutambua usichowaonyesha. Sehemu kubwa ya kazi ni yako, nayo hufanyika palepale mlimani kabla hujanyanyua mguu.

Hatua ya 1: Anza na mahali

Ua halikimbii. Kabla ya kulisogelea, angalia limeota wapi, kwa sababu mlimani mahali ni nusu ya jibu. Joto hupungua kwa takriban nyuzi 6 kila unapopanda mita 1,000, na mimea hubadilika nalo: msitu unakwisha, vichaka vya Erica vinashika, kisha nyasi za mashuke magumu, kisha mawe na mimea iliyojikunyata. Mmea wa mita 1,800 na mmea wa mita 3,800 huenda wasionane maishani, hata kama ziko kilomita chache tu kati yao.

Soma mwinuko kwenye simu au kifaa cha GPS na uandike. Andika pia kama ni kivulini au juani, kwenye tope, kando ya kijito, kwenye ufa wa mwamba, au kwenye udongo uliochimbuliwa pembeni ya njia. Hilo la mwisho lina maana yake, nitalirudia.

Kwa nini nasisitiza? Chukua lobelia kubwa za milima ya Afrika Mashariki, zile zinazosimama kama minara. Ukiniambia uko Kilimanjaro, juu kabisa ya msitu, nafikiria Lobelia deckenii. Ukiniambia uko Mlima Kenya, juu ya msitu vilevile, kuna mbili za kuchagua, na hata hapo mahali panasaidia: Lobelia gregoriana hupenda mabonde yenye unyevu na huhifadhi maji katikati ya majani yake, wakati Lobelia telekii huelekea kwenye miteremko mikavu zaidi. Telekii ina vijani virefu vyembamba vyenye manyoya vinavyofunika maua yote, hata mnara unaonekana kama mkia wa mnyama. Mtu aliyetaja mlima, mwinuko na unyevu ameshafika karibu na jibu kabla hajataja rangi.

Milima mirefu ni kama visiwa. Bahari yake ni nyanda zenye joto ambazo mimea ya baridi huzivuka kwa nadra, kwa hiyo milima mingi ina wakazi wake ambao hawapatikani kwingine. Ndiyo maana "nimelikuta mlimani" haitoshi. Mlima upi, upande upi.

Hatua ya 2: Piga magoti, hesabu

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu. Nunua kioo cha kukuza cha mara 10, kile kidogo kinachokunjwa na kuingia mfukoni. Kiweke karibu kabisa na jicho lako, halafu usogeze uso kuelekea ua, si kioo. Wengi hukishika mbali kama wanasoma gazeti, kisha wanalalamika kwamba hawaoni kitu.

Hesabu petali. Zikija kwa tatu au sita na majani yana mishipa iliyolala sambamba kama ya nyasi, uko upande wa mayungiyungi, gladioli, okidi na ndugu zao. Zikija kwa nne au tano na mishipa ya jani imetandaa kama wavu, uko kwenye kundi lile lingine kubwa. Hii si sheria ya chuma, lakini inapunguza utafutaji kwa kiasi ambacho hakuna programu ya simu itakayokupunguzia kwa uhakika huo.

Kisha stameni. Narudi kwenye ua langu jekundu. Ilinibidi kupanda tena wiki tatu baadaye. Maua mengi yalikuwa yamenyauka, moja tu lilikuwa limebaki wazi. Nikalala kifudifudi, nikalifungua mdomo kwa vidole viwili. Vipande sita vya rangi, sawa, kama yungiyungi. Lakini stameni zilikuwa tatu tu, zimebanana pamoja chini ya kipande cha juu kama watu waliojificha mvua. Yungiyungi lina sita. Nikaligeuza nyuma: ovari, kale kauvimbe ka kijani ambako mbegu hutengenezwa, kalikuwa chini ya pale petali zinapoanzia. Kwenye yungiyungi kako juu, ndani ya ua. Mambo mawili madogo, na familia nzima ikabadilika: Iridaceae, jamii ya gladioli.

Dalili nyingine chache zinazofaa kuwa kichwani:

- Shina la pembe nne ukilibiringisha kati ya vidole, majani mawili mawili yanayokabiliana, harufu ukiyafikicha: huenda ni jamii ya mnanaa na mrihani, Lamiaceae. Kuna wengine wanaoiga, lakini anza hapo.
- Kimkia kilichopinda kama ndoano nyuma ya ua, na tunda linalopasuka ukiligusa na kurusha mbegu: Impatiens.
- Petali moja tofauti kabisa na nyingine, kama mdomo au jukwaa, na stameni hazionekani kwa sababu zimeungana na stigma, sehemu inayopokea chavua, kuwa nguzo moja: okidi.
- Utomvu mweupe: lobelia hutoa, na wengine wengi pia. Usijipanguse macho baada ya kuugusa.

Na kuna mtego mmoja ambao umewanasa wengi, nami nimo. Unachokiita ua huenda ni maua mia. Jamii ya alizeti, Asteraceae, imejaa milimani, na kila "ua" lake ni kichwa kilichosheheni vijiua vidogo. Kwenye Helichrysum, zile "petali" kavu zinazokwaruza kama karatasi si petali, ni vijani vilivyobadilika. Edelweiss ya milima ya Alps inafanya ujanja unaofanana: nyota yake nyeupe yenye manyoya ni majani, maua halisi ni yale madoa ya manjano katikati. Ukihesabu "petali" za mimea hii utapata idadi isiyokusaidia. Pasua kichwa kimoja kilichonyauka kwa kucha uone ndani.

Hatua ya 3: Picha saba, si moja

Mmea mzima na mazingira yake. Namna majani yalivyokaa kwenye shina: yanakabiliana, yanapishana, au yamezunguka kama gurudumu. Upande wa chini wa jani, ambao watu wengi husahau na ambao mara nyingi ndio wenye manyoya au rangi inayotofautisha ndugu wawili. Ua kwa mbele, kwa ubavuni, kwa nyuma. Ndani ya ua. Tunda au tumba likiwepo, ongeza ya nane.

Weka kitu cha kulinganisha ukubwa. Rula ndogo ni bora kuliko kidole, maana vidole havilingani.

Mlimani upepo ndio adui. Simama upande unaotoka upepo, mwili wako uwe ukuta. Simu ikikataa kulenga ua na kulenga nyasi za nyuma, weka kiganja nyuma ya ua, ikishalenga kitoe. Jua la juu ni kali na hufanya petali nyeupe ziwe doa tupu. Kofia juu ya ua inatosha kuleta kivuli. Na usiamini rangi ya kamera. Maua ya buluu iliyokaribia zambarau hutoka ya waridi kwenye simu nyingi, kisha wajuzi wanabishana kuhusu ua la waridi ambalo halipo duniani. Andika rangi uliyoiona kwa macho, pamoja na harufu kama ipo.

Andika pia mgeni wa ua. Ukimkuta chozi ameng'ang'ania akinyonya mbochi, au nyuki, au nzi, hiyo ni habari.

Hatua ya 4: Usiling'oe

Najua kishawishi. "Nitalipeleka mtu aliangalie." Likifika litakuwa limesinyaa na halina thamani kwa mtu yeyote, kwa sababu kukausha mmea wa kumbukumbu ni kazi ya ufundi yenye vibali vyake. Katika hifadhi nyingi kuchuma ni kosa. Okidi zote zimo kwenye orodha za mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini kati ya nchi na nchi. Na mmea unaoota kwenye mlima mmoja tu duniani hauna akiba ya kwingine. Ukihitaji kuona ndani, tumia ua lililokwisha kudondoka, au fungua moja kwa vidole na uliache lijifunge.

Hatua ya 5: Jaribu mwenyewe kwanza

Programu kama Pl@ntNet na iNaturalist zitakupa majina kwa sekunde chache. Zitumie, ila zichukulie kama rafiki anayejibu haraka kabla hujamaliza swali. Zimejifunza kutokana na picha zilizopo, na mimea inayopigwa picha sana ni ile ya bustanini na ya njia zenye watu. Mmea adimu wa mwinuko wa juu una picha chache, kwa hiyo programu huchagua ndugu yake maarufu zaidi. Dawa ni ndogo: kila jina ukilipewa, angalia linapoota. Ukiambiwa ni spishi ya Himalaya na wewe uko Afrika, jenasi, yaani kundi la ndugu wa karibu, huenda ni sahihi, ila spishi, mmea wenyewe, si hiyo.

Lengo lako hapa si jina kamili. Ni familia, au hata "si okidi, si yungiyungi". Mtu anayekuja kuuliza akiwa ameshaondoa uwezekano mbili tatu huhudumiwa tofauti.

Hatua ya 6: Uliza kama unayetaka kujibiwa

Hivi ndivyo nilivyouliza mara ya pili:

"Shikamoo mama, na wengine hamjambo. Nimerudi na ua lile jekundu. Mteremko wa mawe wenye unyevu, mita 3,100, mahali pa wazi, Erica karibu. Mmea una kama sentimita 70. Majani membamba kama upanga, mishipa sambamba. Maua matano kwenye bua moja, mekundu, mrija wake umepinda. Stameni 3. Ovari chini ya petali. Nadhani ni Iridaceae, pengine Gladiolus, spishi siijui. Picha ya tano ni ndani ya ua. Tarehe na mahali vimo."

Jibu lilikuja kabla chai haijapoa: Gladiolus watsonioides, wa milima ya Kenya na kaskazini mwa Tanzania. Na chini yake: "Sasa umeona." Sifa kubwa kuliko hiyo sijawahi kupewa.

Angalia ujumbe ule umefanya nini. Umetaja vilivyoonekana kabla ya kutaja dhana. Ukianza na "nina uhakika hili ni yungiyungi", utawavuta wenzako kwenye kosa lako, au wataona aibu kukupinga mbele za watu. Umesema pia kile usichojua, kwa hiyo mjuzi hakupoteza muda kukufundisha familia ambayo umeshaifikia.

Wa kuuliza ni wengi kuliko unavyofikiri. Wapenzi wa mimea, waongoza watalii na wapagazi ambao wamepita kwenye ua hilo mara mia, askari wa hifadhi, wataalamu wa hebaria, yaani zile maktaba za mimea iliyokaushwa, na wazee wanaoishi chini ya mlima. Mzee akikupa jina la kienyeji, liandike kama lilivyotamkwa pamoja na lugha yake na matumizi aliyokutajia. Lakini fahamu kwamba jina moja la kienyeji linaweza kubeba mimea mitatu, hasa kama yote hutumika kwa dawa ileile, na mmea mmoja unaweza kuwa na majina matano pande tano za mlima.

Ukikaa siku tatu bila jibu, usirudie picha ileile na alama za kuuliza kumi. Ongeza kitu kipya: picha ya tunda, kipimo, dondoo uliyoisahau.

Hatua ya 7: Majibu nayo yapimwe

Swali bora kwa anayekupa jina ni "umejuaje?", kwa adabu. Mjuzi wa kweli hufurahi kuulizwa na atakuonyesha: tazama kimkia, tazama manyoya chini ya jani. Anayekasirika mara nyingi alikuwa anakisia. Na watu wanne wakitaja jina moja usihesabu kura. Huenda watatu wamemfuata wa kwanza. Hata kwenye iNaturalist, ambako utambuzi hupandishwa daraja pale zaidi ya theluthi mbili ya watambuzi wanapokubaliana, watu wawili waliokosea pamoja wanatosha kuupitisha.

Jifunze kuridhika na jibu pungufu. Ukiandikiwa "Helichrysum sp." maana yake jenasi inajulikana, spishi haijathibitika. "cf." kabla ya jina la spishi maana yake linafanana nalo, linganisha. Haya ni majibu ya heshima. Kuna mimea ambayo haitambuliki bila kuona mbegu au mzizi, na nyingine zinachanganyika zenyewe: Kilimanjaro, Impatiens kilimanjari na Impatiens pseudoviola huzaana, na watoto wao hukaa katikati. Hapo mabishano yanaweza kuendelea na wote wakawa sahihi kidogo.

Majina nayo yanahama. Ua maarufu la milima ya Usambara lilipewa jina la jenasi Saintpaulia mwaka 1893, na tangu 2015 limewekwa ndani ya Streptocarpus. Miti ile minene yenye vichwa vya majani juu ya Kilimanjaro na Mlima Kenya ilikuwa Senecio mpaka 1978 ilipotengwa kuwa Dendrosenecio. Kwa hiyo wajuzi wawili wakikupa majina tofauti, kabla ya kuchagua upande angalia kama si mmea uleule wenye jina la zamani na jipya.

Hatua ya 8: Ukidhani umegundua kitu kipya

Tulia kwanza. Mara nyingi ni mojawapo ya haya: mmea wa kawaida uliozaa maua meupe badala ya rangi yake, mmea uliodumazwa na baridi ukawa wa sentimita 10 badala ya 60, ua lililoharibiwa na mdudu au kuvu likabadilika umbo, au mgeni. Ndiyo sababu nilisema udongo uliochimbuliwa pembeni ya njia una maana. Mbegu za magugu na za maua ya bustani hupanda mlima kwenye soli za viatu vyetu, na ua "la ajabu" karibu na kambi huenda kwao ni bara jingine.

Likishapita vichujio vyote hivyo na wajuzi bado wanakuna vichwa, wasiliana na hebaria ya nchi husika. Wao wana vibali vya kuchukua sampuli na mimea iliyokusanywa zamani ya kulinganisha nayo. Wakati huo usitangaze mahali penyewe. Taja mlima na mwinuko, nukta kamili wape wataalamu peke yao; wako wanaong'oa okidi na mimea adimu kwa kuuza, nao hupekua picha kama sisi. Kagua pia simu yako, maana picha nyingi hubeba nukta za GPS ndani yake bila wewe kujua.

Kwenye daftari langu kuna mmea mmoja ambao bado hauna jina la pili. Vijiua vya manjano, vichwa vitatu vitatu, ufa wa mwamba, mita 3,600. Wenzangu wamefika kwenye familia na jenasi wakakwama. Pembeni nimeandika nitakachoangalia nikipanda tena: manyoya chini ya jani, mbegu zilizokomaa, idadi ya vijani vinavyozunguka kichwa. Na nimechora mshale mwekundu: usisahau rula.